Ukurasa wa Wino Mwekundu

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na ninaweza kuthibitisha kwa maandishi. Ndani ya sanduku langu la bati kuna madaftari kumi na moja, na karibu kila ukurasa unaeleza nilichokiogopa wiki hiyo na nilikiogopa kiasi gani, alama juu ya kumi. Wengine wametunza picha za ujana wao. Mimi nimetunza hofu zangu, tena zimepangwa kwa wiki.

Aliyenianzishia mambo haya ni sista mmoja Mzungu aliyetufundisha katika shule ya kati ya wasichana, mwaka ule wa Uhuru. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hatukuwahi kumsikia akimgombeza mtu, ndiyo maana tulimwogopa zaidi. Barabarani watu walikuwa wakiimba kwamba sasa tunajitawala. Yeye alisimama mbele yetu akasema kwamba kama nchi imeanza kujitawala, basi na kila mmoja wetu aanze kujitawala mwenyewe. Akatugawia daftari moja moja. Kila Jumamosi, baada ya kufua sare, tulitakiwa kugawa ukurasa sehemu tano kwa rula: Sala, Masomo, Mikono, Hofu, Adabu. Katika kila sehemu tuandike jambo moja la kweli la wiki hiyo, kisha tujipe alama wenyewe. Hofu ndiyo pekee ambayo alama ndogo ilikuwa sifa. Adabu aliiweka mwisho kwa sababu, alisema, hizo nne zote zinaishia hapo. Aliahidi kwamba hatayasoma madaftari yetu, na kweli hakuyasoma.

Wenzangu waliacha mara tu sista alipohamishwa. Mimi sikuacha, na wala sikuwa mtakatifu kuliko wao. Nilipenda kuona namba zikipanda. Ukiyafungua madaftari yale leo utamwona mtoto akikua mbele ya macho yako. Nilipokuwa nikikaa kwa shangazi Bilele, Masomo yalitoka nne yakafika nane. Mikono ilianza na mbili, wiki niliyojikata nikimenya ndizi, na miaka michache baadaye iko saba, nimepalilia mibuni ya shangazi peke yangu. Adabu nilijipa saba karibu kila wiki, hata wiki nilizostahili viboko, maana ni nani asiyejipendelea. Lakini Hofu haikushuka. Ilianza na mbwa wa misheni, ikahamia kwenye mitihani, ikaja kwenye radi na kwenye ziwa, halafu nilipokuwa mtu mzima ikahamia kwenye siasa na kukaa huko.

Chuo cha ualimu nilikisoma wakati Ujamaa umepamba moto. Tulifundishwa kwamba hakuna bwana wala mtwana, kwamba mtu hampigii magoti mtu mwenzake, kwamba mali ya nchi ni ya wote na anayeitorosha ni mwizi wa wote. Niliamini yote hayo, na mengine ninayaamini mpaka leo bila kuomba radhi. Nilipomaliza nikapangiwa shule moja ya Muleba. Nilikuwa na viatu vya kamba, saa ya mkono, na kalamu mbili: ya bluu kwa mambo yangu, nyekundu kwa kusahihishia. Nilijiona nimefika.

Mama alikuja Muleba siku moja bila taarifa. Kutoka kwetu Kaagya ilikuwa safari ya kutwa nzima: basi hadi mjini Bukoba, kusubiri jingine, kisha vumbi mpaka kwenye kope. Aliingia uwanja wa shule na mkungu wa ndizi kichwani wakati walimu wote tumekaa nje, kwenye kivuli cha ofisi, tukisubiri kengele. Akautua mkungu, akapiga magoti, akawaamkia walimu mmoja baada ya mwingine, kama mwanamke wa kwetu anavyowaamkia watu wa heshima. Baadaye nilimpeleka nyuma ya nyumba yangu, na hapo, mkono ukiwa mdomoni, akaniambia kilichomleta.

Baba yangu, ambaye sisi nyumbani tulimwita Tata, alikuwa ameacha kupeleka kahawa yake ushirika. Alichoka kusubiri malipo. Sasa magunia yalikuwa yakitoka kwetu kabla hakujapambazuka, yamefunikwa majani ya migomba, yakaenda Rubafu ufukoni, na huko wenye mitumbwi waliyavusha ziwa hadi Uganda. Kila mtu alijua jina la kazi hiyo: magendo. Na kila mtu alijua kilichompata jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Alifuatwa mchana kweupe na Landrova, akapandishwa akiwa na panga lake la kupogolea mkononi, na msimu mzima mke wake alichuma kahawa peke yake. Mama alisema hapati usingizi. Alisema Tata haambiliki. Akanisihi nisimwambie mtu, na kweli sikumwambia mtu. Niliandika.

Jumamosi ile wino wa bluu ulikuwa umekwisha, nikatumia ule wa kusahihishia. Ndio ukurasa pekee mwekundu katika madaftari yote kumi na moja. Hofu ilipata tisa. Sehemu ya Adabu nayo niliijaza, lakini hiyo nitaieleza ikifika zamu yake.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa shule ya kwetu Kaagya, nikarudi kulala katika chumba changu cha zamani, sanduku la bati chini ya kitanda. Asubuhi nilifundisha watoto. Saa tisa alasiri nilivuka barabara kwenda kwenye kigango, lile kanisa dogo la kijiji, nikafundisha watu wazima kusoma. Lilikuwa agizo la nchi nzima: kila mtu ajue kusoma na kuandika. Karibu wote walikuwa wanawake, wanakuja na majembe yao, wengine wananyonyesha. Kwenye benchi la pili, upande wa dirisha, alikaa mama yangu.

Hilo peke yake lilinitia hofu. Nyumbani mama alinituma maji, kuni na chumvi kama mtoto, na alikuwa na haki hiyo. Kigangoni aliniita mwalimu, akasimama nikimwuliza swali, akatazama chini. Mkono wake uliozoea panga ulishika penseli kama anataka kuipanda ardhini. Alisoma kwa midomo. Hata nilipowaambia wasome kimya, midomo yake ilicheza, kila silabi ikatafunwa kabla ya kumezwa. Kwa miezi mingi nilidhani hataweza. Niliandika hivyo katika daftari, Mungu anisamehe.

Vitabu vilikuwa shida. Kitabu kimoja cha kusomea kilizungukia wanawake watano, kikilala leo kwa huyu kesho kwa yule, na kwa kuwa kilikuwa kilekile siku zote, walikwisha kukikariri. Siku moja nilimwona mama mmoja mzee akisoma ukurasa mzima bila kosa, kitabu kimegeuzwa miguu juu. Nilicheka, wote wakacheka, naye akacheka kuliko sisi. Wakati huo tulikuwa bado tunaweza kucheka.

Kisha zikaja habari kwamba mkaguzi atatoka mjini kuja kuwapima. Aliyezileta ni balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mpole aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Ilikuwa Jumatano, na mtihani ungekuwa Alhamisi ya wiki itakayofuata. Nilimkuta kwetu nilipotoka shuleni, amekaa peke yake sebuleni, hatua mbili kutoka mlango wa chumba changu, anatafuna akamwani, zile punje za kahawa tunazompa mgeni, kutoka kwenye kijikapu cha mama. Aliniambia kila mwanafunzi aje na daftari lake la mazoezi. Alipoinuka kuondoka akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, Alhamisi ndiyo tutaonana vizuri."

Jumamosi nilifua, nikakaa kitandani, nikavuta sanduku nijipe alama zangu. Daftari la Muleba halikuwemo.

Nilitoa kila kitu. Nilikung'uta kila nguo, nikainua godoro, nikapapasa chini ya kitanda mpaka vumbi likaniingia puani. Madaftari mengine yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri kama nilivyoyaacha. Lilikuwa limekosekana moja tu, lile lenye wino mwekundu, lenye jina la Rubafu, lenye idadi ya magunia na neno Tata. Nilikaa sakafuni. Nikamkumbuka balozi na kofia yake na zile hatua mbili.

Wiki ile sitaki kuirudia, lakini nitaieleza. Kila gari lililopita barabarani lilikuwa Landrova mpaka lionekane kwamba ni lori la mchanga. Jumapili kanisani balozi aliniinamishia kichwa, nikaona ananihurumia. Jumatatu hakunisalimu, nikaona ndiyo basi, ameshapeleka. Jumanne alipita shuleni na kuongea na mwalimu mkuu mbele ya ofisi, wakicheka, nami nikaandika ubaoni jumlisha mahali pa toa, na watoto wakanikosoa.

Kilichoniua zaidi ni kumtazama Tata. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyependa mibuni yake kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo tulivyomtania. Jioni alianika kahawa kwenye mkeka uani, akaigeuza kwa viganja, akiondoa mbovu moja moja kama mtu anayechambua mchele wa mgeni. Niliitazama shingo yake na nikaona mkono wa askari juu yake. Mara tatu nilimwendea nimwambie akimbie, aende kwa ndugu zake, ahamishe magunia yaliyofichwa nyuma ya jiko. Mara tatu nilimwuliza kama anataka maji ya kunywa. Mara ya tatu aliniuliza kama nina homa.

Kwa nini sikumwuliza mama? Nimejiuliza hilo miaka yote. Kumwuliza kama ameliona daftari ingekuwa kumwambia kuna nini ndani yake. Alisafiri kutwa nzima aniletee siri yake, akanishika mkono, akanisihi. Ningeanzaje kumwambia kwamba siri ile niliiweka kwenye karatasi, kwa wino mwekundu, nikaipa alama? Nilimkwepa. Naye wiki ile alikuwa kama ananikwepa, au alikuwa na shughuli, sikuweza kujua. Alipika, akaondoka, akarudi na kuni, akajifungia jikoni. Nilidhani naye anaogopa mtihani.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi alikuja kwa baiskeli, si kwa Landrova, na hilo lilinipa nafuu ya dakika tano. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine asiyejua Kihaya, mwenye miwani, kalamu tatu mfukoni, na Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Alikaa kwenye meza ya altare ndogo tuliyoisogeza pembeni, balozi akakaa kulia kwake na kofia yake. Niliketi upande wa pili. Nikamtazama balozi mikononi. Hakuwa na daftari lolote, lakini alikuwa na mkoba.

Mwanamke wa kwanza aliyeitwa alikuwa yule mama mzee. Alifungua kitabu akaanza kusoma kwa kasi nzuri. Mkaguzi akamsikiliza kidogo, akainuka, akakichukua kitabu mkononi mwake na kukifunga. Yule mama akaendelea kusoma. Alisoma sentensi mbili zaidi, macho yakitazama mahali kitabu kilipokuwa, kabla hajatambua. Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alirudi mezani taratibu na kusema kwamba hapa watu wamekariri, na kwamba mwalimu anayewakaririsha watu wazima anaidanganya nchi. Akaandika kitu.

Kisha akasema kitabu kile hakitatumika tena. Kila mtu atasoma kutoka katika maandishi mengine, yoyote, mradi si yale aliyoyakariri. Akaelekeza kidole benchi la pili, upande wa dirisha, akamwambia mama atoe daftari lake la mazoezi.

Mama alifungua fundo la kitenge mapajani mwake. Akatoa daftari la jalada la bluu lenye doa la chai kwenye kona.

Nililitambua kabla halijatoka lote. Nafuu kwamba hakulichukua balozi ilidumu kitambo cha kupepesa macho tu. Sasa lilikuwa hapa, mkononi mwa mama, mbele ya Serikali na Chama, na mkaguzi alikuwa anainuka kulifuata. Nilitaka kusimama. Nilibaki nimekaa. Nimeandika mara nyingi juu ya hofu, lakini siku ile ndiyo nilijua kwamba hofu inaweza kumfanya mtu awe benchi.

Mkaguzi alilishika, akaligawanya katikati kwa kidole gumba bila kulitazama, maana macho yake yalikuwa usoni mwa mama, anataka kumnasa. Akamrudishia likiwa wazi. Toka pale nilipokaa, hatua nane au tisa, niliona wekundu.

"Soma," alisema.

Mama alisimama. Alilishika daftari kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kitabu cha misa. Akalitazama. Hakusoma. Mkaguzi akasubiri. Mtoto mmoja mgongoni alilia, akanyamazishwa. Mama bado kimya, macho yakishuka polepole kutoka juu ya ukurasa. Mkaguzi akageuka kunitazama, na uso wake ulisema kwamba na huyu pia hajui. Nami, aibu iliyoje, niliomba iwe hivyo. Niliomba mama yangu awe hajui kusoma, afeli, atukanwe, akae chini, daftari lifungwe.

Ndipo nikaona midomo yake. Ilikuwa imetulia kabisa. Macho yalikuwa yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, yakashuka mpaka chini ya ukurasa, na midomo haikucheza hata kidogo. Sikuwahi kumwona akisoma hivyo kabla ya siku ile.

Akarudisha macho juu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na akaanza kusoma kwa sauti. Sala: nimesinzia kwenye rozari mara mbili, tano. Masomo: darasa la tatu wameelewa kugawanya, saba. Mikono: nimepanda maharage nyuma ya nyumba, sita. Yote yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Kidole kikashuka kwenye Hofu. Niliyoyaandika pale ninayajua kwa moyo: Tata amepeleka kahawa Rubafu, magunia sita, yavuke maji, wakimjua watamchukua kama jirani. Mama alikohoa kidogo.

"Hofu," alisoma. "Tata amepeleka kahawa ushirika. Magunia sita. Mvua imenyesha njiani. Tunaogopa italowa. Tisa."

Kidole chake kilipita juu ya kila neno langu wakati mdomo unasema la kwake, bila haraka, na kilifika mwisho wa mstari pamoja na sauti. Hakukuwa na mwanamke katika yale mabenchi asiyejua kahawa ya kwetu inaelekea wapi. Wote walitazama magoti yao. Balozi alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba magunia yake yalikuwa yanapanda mtumbwi uleule.

Nilifikiri tumepona. Nilikuwa nimesahau kwamba ukurasa una sehemu tano.

"Adabu," mama alisoma. Hapa sauti yake ilipungua, lakini haikusimama, na kidole chake kilikwenda sawasawa na mdomo, sikuona tofauti yoyote. "Mama alikuja shuleni na ndizi kichwani. Alipiga magoti mbele ya walimu. Mwalimu mmoja aliniuliza kama huyu anauza ndizi. Nilisema ndiyo. Sikusema ni mama yangu. Nilimwonea aibu. Sifuri."

Alifunga daftari na kubaki amesimama, akisubiri kuambiwa akae.

Mkaguzi alifurahi. Alisema huyu anasoma, huyu hakukariri, na akamwuliza nani ameandika maandishi hayo. Mama alijibu akitazama chini, kwa adabu zake zote na kwa lile neno letu la heshima, waitu, kwamba ni mwalimu, huwaandikia wajisomee nyumbani kwa kuwa vitabu havitoshi. Mkaguzi akanigeukia kwa uso mwingine kabisa. Alinisifu kwa kutunga mazoezi yenye mafunzo, hasa hili la mwisho, la mtu aliyesoma akamkana mzazi wake. Alisema watu kama hao wapo na jambo hilo lifundishwe. Akanyoosha mkono, akasema angependa kuondoka na daftari lile akalionyeshe ofisini mjini.

Nikamtazama mama.

"Bado sijalimaliza," mama alisema.

Mkaguzi alicheka, na balozi akacheka kwa nguvu kuliko yeye. Akamwacha nalo. Baadaye alipewa chai na ndizi za kuchoma, akapanda baiskeli yake, nasi tukamsindikiza hadi barabarani tukipunga mikono.

Tata hakuchukuliwa. Hakuchukuliwa mwaka ule wala mwingine wowote, na alizikwa katika kibanja chake, kati ya mibuni yake, kwa kifo cha kawaida cha mzee. Hakuwahi kujua kilichotokea kigangoni. Kama kuna mwanamke aliyemwambia, hakunionyesha.

Tulirudi nyumbani mama akiwa mbele, kitenge chenye daftari kichwani, mimi nyuma yake kama mtoto aliyefuatwa shuleni kwa utundu. Njia nzima nilitunga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa kijana, kwamba walikuwa walimu wageni, kwamba nilijipa sifuri, na kwamba sifuri hiyo ndiyo pekee katika madaftari yote. Hakuna hata moja lililofaa. Tulipofika aliingia jikoni, akakaa kwenye jamvi, akavuta kikapu cha ndizi. Nilisimama mlangoni. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba alianza kuyachukua madaftari yangu tangu masika, moja moja, na kuyarudisha, kwa sababu mwandiko ule ulikuwa ndio ule wa ubaoni na aliuzoea. Alianzia lile la sista. Alisema alifurahi kuniona nikiwa mdogo. La Muleba alikuwa ndio kwanza amelianza, na ule ukurasa alikuwa hajaufikia; alilibeba kigangoni kwa kuwa ndilo alilokuwa akifanyia mazoezi ya kusoma.

Nilipiga magoti pale mlangoni. Sikuwa nimempigia magoti tangu nilipopata cheti cha ualimu. Nilimwambia nisamehe, Mae.

Aliendelea kumenya.

"Ile ya kahawa nilipata maneno ya kuweka," alisema. "Hii nyingine niliyatafuta, mwanangu. Sikuyapata."

Akanisogezea kisu cha pili. Tulimenya ndizi zote za kikapu kile, na habari hiyo hakuitaja tena mpaka anakufa.

Jumamosi nilifua, nikakaa kitandani, nikachora sehemu tano kwa rula. Nilijaza Sala, Masomo na Mikono. Adabu niliiacha wazi, na iko wazi mpaka leo. Katika sehemu ya Hofu niliandika kwamba mama yangu anajua kusoma. Nikajipa kumi.